Taya la Doto, usaha wa kijani na yule dada wa unga wa antioksidanti

Nafanya kazi maabara hapa Mwanza miaka mingi sasa, upande wa vimelea, na kuna swali naulizwa na kila mtu, ndugu, majirani, wamama wa kikoba, mpaka konda wa daladala aliwahi kuniuliza kisa kaona nimeshika koti jeupe: eti mtoto akiwa na maambukizi mwilini nimpe antioksidanti gani (vile vitu vinavyozima kemikali za oksijeni zinazoharibu seli)? Zamani nilikua najibu kifupi tu, mpe matunda. Toka mtoto wa mdogo wangu augue taya jibu langu limerefuka na wengi hawalipendi, maana wanategemea niwatajie jina la kopo.

Mdogo wangu anakaa Nansio, kisiwani Ukerewe, ana mapacha wa kiume, Kulwa na Doto, wakati huo wana miaka 7. Doto alikua na gego la utoto la chini kulia, lile la nyuma, limetoboka mda mrefu. Likiuma anapewa panado, likitulia anarudi kucheza, na pale nyumbani kila mtu alikua na amani kabisa kwamba jino la utoto halina haja ya kuhangaikiwa kwa sababu litang'oka lenyewe. Ni kweli litang'oka, ila lile gego hua linakaa mpaka mtoto ana miaka 10 mpaka 12, kwa hiyo Doto alikua bado ana miaka kama minne mbele yake ya kuishi na shimo linaloelekea moja kwa moja kwenye mfupa, na katikati ya mizizi ya hilo jino bovu kuna jino la ukubwani ndo linajengwa. Na mfupa wa taya la mtoto sio kama wa mtu mzima, una uboho mwingi na ganda lake jembamba, usaha ukiingia unasafiri.

Shavu likavimba. Bibi yao akasema matubwitubwi, mtoto akapakwa masizi ya sufuria, na kusema haki ukimtazama kwa mbali hata wewe ungesema matubwitubwi. Ila matubwitubwi hayatoi usaha kwenye fizi wala hayaleti ile harufu, na hua yanaisha yenyewe ndani ya wiki moja hivi. Huu uvimbe ulikua unashuka akipewa kapsuli za duka la dawa alafu zikiisha unapanda tena, kwa sababu kapsuli zenyewe zilikua zinanunuliwa kumi kumi kadri hela ilivyo. Sehemu moja wakampiga eksrei wakaambiwa mfupa uko safi, warudi nyumbani. Hapa mnisikilize vizuri: eksrei ya kawaida haioni uharibifu mpaka mfupa upoteze kama asilimia 30 mpaka 50 ya madini yake, kwa hiyo wiki mbili za mwanzo picha inaweza kutoka safi kabisa huku ndani kunawaka. Picha safi ya mapema sio cheti. Aliyewaambia wasirudi ndo bado namkasirikia.

Kilichonitoa usingizini ni simu ya usiku ya mdogo wangu. "Dada, Doto anasema mdomo wa chini umelala, anaugusa hasikii." Ndani ya taya la chini kunapita mshipa wa fahamu unaohudumia mdomo na kidevu, sasa mtoto mwenye jino bovu, uvimbe na homa akianza kusema mdomo una ganzi ujue usaha umeshaingia ndani ya mfupa na unabana. Nikamwambia asisubiri wiki ipinduke, apande meli ya asubuhi.

Hospitali ya rufaa walimpokea vizuri, na nilichokipenda kwa daktari wa kinywa na taya ni kwamba hakurukia jibu. Kwa watoto wa ukanda huu wa ziwa taya likivimba na meno yakilegea lazima mtu awaze pia saratani ya Burkitt, ile aliyoielezea daktari mpasuaji Denis Burkitt mwaka 1958 kutokana na watoto aliokua anawaona Uganda, ng'ambo tu ya maji hapo. Kwa hiyo kinyama kilichukuliwa kikapelekwa kuangaliwa. Akapimwa na sikoseli, maana kanda ya ziwa ndo kitovu chake Tanzania, na mtoto wa sikoseli mifupa yake inakosa damu vipande vipande na kushika maambukizi kirahisi. Akapimwa na virusi vya ukimwi. Vyote vikarudi salama, kinyama kikaonyesha maambukizi ya mfupa, wenyewe wanaita osteomailaitisi, chanzo jino.

Sasa tuje kwenye usaha, maana hapa ndo nilijifunza kitu ambacho nilikua nakijua kwa kukariri tu.

Usaha wa Doto ulikua wa kijani. Sio kijani ya mboga, ile kijani ya kufifia. Watu wakiona hiyo rangi wanadhani ndo rangi ya mdudu, na kuna wadudu wenye kijani chao kweli, ila mara nyingi ile rangi ni ya kwetu wenyewe. Seli nyeupe zinazotangulia kufika kwenye maambukizi, neutrofili, zimejaa enzaimu moja ya kijani inaitwa mailoperoksidesi. Neutrofili ikishammeza bakteria inavuta oksijeni kwa nguvu na kuigeuza kua supaoksaidi, hiyo inageuka haidrojeni peroksaidi, alafu ile enzaimu ya kijani inachukua peroksaidi na chumvi ya mwilini inatengeneza asidi ya haipoklorasi. Hiyo ndo familia ya Jik. Yani mwili wa mtoto unatengeneza dawa ya kufulia ndani ya seli zake kwa makusudi kabisa, kwa ajili ya kuua. Na kuna watoto wanazaliwa hawana uwezo huo, mashine yao ya kugeuza oksijeni ni mbovu toka tumboni, wanaishi kwa majipu na nimonia zinazojirudia mpaka unajiuliza wamefanyaje kufika hapo.

Kwa hiyo mtu anapokuja na lugha ya redikali huru (chembe kali kama hiyo supaoksaidi) ni sumu zitolewe mwilini, mimi namuuliza zitolewe zote? Leo? Mtoto ana vita kwenye taya unataka umnyang'anye silaha?

Shida ni kwamba hiyo silaha haichagui. Ni kama wale wanaokuja kupulizia dawa ya mbu ndani ya nyumba, mbu anakufa ila na sahani ulizosahau kufunika zimekula dawa. Redikali zikivuja nje ya neutrofili zinakwangua mafuta ya kuta za seli za mtoto mwenyewe, zinaharibu protini, na kwenye mfupa zinaamsha zile seli zinazokula mfupa, osteoklasti, zinakula haraka kuliko wajenzi wanavyojenga. Hiyo hali ya vioksidishaji kuzidi uwezo wa mwili kuvizima ndo watu wanaita stresi ya oksidisheni. Na mwili una zimamoto wake: supaoksaidi dismutesi, ambayo Wamarekani McCord na Fridovich waliitambua mwaka 1969, inafanya kazi kwa shaba na zinki, nyingine kwa manganizi, katalesi, inayopasua peroksaidi kua maji na oksijeni, hii inatumia chuma, glutathioni peroksidesi inataka seleniamu. Na glutathioni yenyewe, ambayo mjini hapa inajulikana kama dripu ya kung'arisha ngozi (mungu atusaidie), kila seli inajitengenezea yenyewe kutoka kwenye asidi amino tatu, yani kutoka kwenye protini unayokula.

Sampuli ya Doto sikuigusa, ni ndugu yangu, alifanya mwenzangu, ila nilikua nimesimama nyuma yake kama shabiki wa timu ya Pamba. Bahati nzuri kuna kitu kiliota, maana mtoto aliyekula kapsuli nusunusu mara nyingi sahani ya kuoteshea bakteria inatoka tupu na daktari anabaki anabahatisha. Makoloni, yani vile vichungu vya bakteria walioota, yalikua mviringo, yanang'aa, rangi ya dhahabu iliyopauka. Mwenzangu akachukua kijiti cha mti akagusa koloni moja kwa juujuu tu, maana ukichimba mpaka kwenye damu iliyochanganywa kwenye chakula cha sahani chembe nyekundu nazo zina katalesi zitakudanganya, akapaka kwenye kioo, akadondosha tone la peroksaidi ya asilimia 3. Tone likachemka hapohapo. Povu jeupe, linajaa mpaka linataka kumwagika pembeni ya kioo. Vipimo vilivyofuata vikathibitisha, ni bakteria anaitwa stafailokokasi aureasi.

Hicho kipimo nimekifanya mpaka nimechoka nacho, tunakitumia kutenganisha makundi mawili ya bakteria, stafailo na streptokoko, ikitoa povu stafailo, isipotoa ile nyingine, andika, lete inayofuata. Siku hiyo ndo kikaniingia. Lile povu ni antioksidanti. Ni katalesi ya bakteria inazima peroksaidi, ileile peroksaidi ambayo neutrofili za Doto zilikua zinamwagia huyu mdudu ndani ya taya. Na ile rangi ya dhahabu nayo, ni jamii moja na karotini ya kwenye viazi lishe, na mwaka 2005 watafiti wa California walionyesha kwamba stafailo akinyimwa hiyo rangi anauliwa na seli nyeupe kirahisi zaidi. Yani mdudu kavaa antioksidanti mwili mzima kama koti la mvua. Sasa ukiniambia antioksidanti ni nzuri naomba uniambie ni ya nani, imekaa wapi, na saa ngapi.

Doto alianzishiwa sindano za antibiotiki kwenye mshipa, akapelekwa chumba cha upasuaji, jino likang'olewa, usaha ukafunguliwa njia, na kikatolewa kipande cha mfupa uliokufa. Nilikiona kwenye kikopo cha fomalini, kirefu kama sentimita moja na nusu, cheupe kichafu, pembeni kimetafunwatafunwa. Daktari akamwambia mdogo wangu maneno ambayo mimi na elimu yangu ya maabara sikuwahi kuyapanga vizuri hivyo: hiki kipande hakina damu, kwa hiyo dawa haifiki, seli nyeupe hazifiki, chakula hakifiki, hakuna unachoweza kumeza kikafika hapa, ndo maana tunakitoa kwa mkono. Akaongeza kwamba hata seli nyeupe zilizozunguka ule usaha zilikua hoi, kwa sababu ile kazi ya kuua inataka oksijeni na ndani ya jipu oksijeni imeisha. Ukifungua usaha ukatoa kilichokufa, damu inarudi, oksijeni inarudi.

Siku chache baada ya hapo, mda wa kuona wagonjwa, ndo akaja yule dada. Anasali na mdogo wangu, mtu mzuri kabisa, mcheshi, kaja na uji kwenye chupa na kwenye mkoba kuna paketi ya unga ina picha ya zabibu. Laki na nusu, ila kwa sababu ni mgonjwa laki na ishirini.

"Dada, huu unasafisha redikali huru zote, mfupa unajijenga wenyewe, kuna mtu alitakiwa kukatwa mguu."

Nikamuuliza ukishamezwa unafikaje kwenye taya. Akasema unaingia kwenye damu. Nikamwambia pale palipokufa damu haikufika, na palipo hai damu inafika na antibiotiki imeshatangulia. Akanitazama kwa huruma, yule ni wa hospitali hawezi kuelewa. Mdogo wangu yuko katikati, macho yake kwenye paketi, na mimi namuelewa, ukiwa na mtoto wodini mtu akikwambia kuna kitu unaweza kufanya kwa mkono wako mwenyewe inakua ngumu kukataa. Nikamwambia pembeni, mdogo wangu, laki na ishirini ni trei ngapi za mayai? Hakujibu, ila paketi iliondoka na mwenyewe.

Sio kwamba nabishana kwa sababu ya maringo. Haya mambo yameshajaribiwa kwa watu wengi. Finland walichukua wanaume wavutaji sigara 29,133, wengine wakapewa vidonge vya betakarotini kila siku wakitegemea antioksidanti itawakinga na saratani ya mapafu, matokeo yakatoka mwaka 1994: waliokunywa betakarotini walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia kama 18. Najua ni watu wazima wavutaji, sio mtoto wa Nansio mwenye taya, siwezi kulinganisha moja kwa moja. Ila inatosha kukuondolea ile imani kwamba haiwezi kudhuru. Na sipingi virutubisho, jamani. Mtoto anayeharisha akipewa zinki pamoja na ORS nashangilia, matone ya vitamini A kliniki nashangilia, kwa sababu pale kuna upungufu unaojulikana na dozi inayojulikana.

Jambo lililomshangaza zaidi mdogo wangu ni dawa ya kuongeza damu. Wingi wa damu wa Doto ulikua umeshuka, na kule nyumbani alishaanzishiwa siropu ya madini chuma na juisi ya rozela kutwa mara tatu. Daktari akasema siropu isimame kwanza. Mtu yeyote angeuliza kwa nini. Wakati wa maambukizi mwili wenyewe unaficha chuma, unakifungia ghalani kwa makusudi, kwa sababu bakteria wanakitafuta, na pia chuma kikizurura peke yake kikakutana na peroksaidi kinazaa redikali kali kuliko zote, haidroksili, ambayo haina enzaimu ya kuizima. Chuma hichohicho ndani ya katalesi ni zimamoto, nje ni petroli. Damu itashughulikiwa vita ikiisha. Hata zinki na vitamini A kwenye damu hua zinashuka wakati wa homa, mwili unazihamisha, kwa hiyo ukipima katikati ya ugonjwa ukaona namba ndogo haimaanishi moja kwa moja kwamba mtoto hali vizuri. Watu wanapima hivo alafu wanauziwa makopo.

Na fomu yetu ya maabara haina kisanduku cha stresi ya oksidisheni. Watafiti wanapima mabaki ya mafuta yaliyooksidishwa, kuna moja inaitwa malondialdehaidi, wanapima na hizo enzaimu, ni kazi nzuri ya kuelewa ugonjwa. Wodini tulifuata joto, FBP (hesabu ya chembe za damu), CRP na ESR (vipimo vya damu vinavyopanda mwili ukiwa na maambukizi). CRP ilianza kuporomoka mapema baada ya upasuaji, ESR ikajivuta kama kawaida yake, mdogo wangu akawa na wasiwasi, nikamwambia hiyo hua inachelewa, we angalia mtoto anaomba chakula au haombi.

Akaanza kuomba. Tatizo mdomo haufunguki, misuli ya kutafunia imekaza, vidole viwili haviingii. Hapa ndo antioksidanti zangu zilipoingia, na hazikua na paketi. Mtu wa lishe alisema protini kwanza, kwa sababu mfupa na hizo glutathioni zote zinajengwa na protini. Tukawa tunapika dagaa wa ziwani, wale wa soko la Mwaloni waliokauka vizuri bila mchanga, unaosha, unakaanga kidogo, unasaga na mifupa yao, unakoroga kwenye uji wa mtama na karanga. Kuna zinki mle, kuna kalsiamu. Viazi lishe vya njano vimepondwa na maziwa. Michembe (vile viazi vitamu vya kukausha) alilia anaitaka ila hatafuni, tukachemsha mpaka ikawa uji, akasema hii sio michembe, akala. Supu ya sato. Maembe, na mapera yamesagwa yakachujwa mbegu, maana seli nyeupe zinabeba vitamini C nyingi sana kuliko damu inayozizunguka na wakati wa maambukizi zinaimaliza haraka, ila pera linatosha, halihitaji laki na ishirini. Machungwa tuliacha kwanza, kidonda kilikua kinamchoma.

Antibiotiki za kunywa ziliendelea kwa wiki kadhaa baada ya kuruhusiwa, na hapo ndo wazazi wengi wanachomoka. Uvimbe umeisha, mtoto anacheza mpira, dawa chungu, basi. Mfupa unapona taratibu, na dozi iliyokatwa ndo inazaa yale mataya yanayotoa usaha mwaka mzima kupitia tundu chini ya kidevu. Mdogo wangu aliweka alamu kwenye simu, na ikilia akiwa sokoni anampigia bibi.

Kulwa naye tulimpeleka kwa daktari wa meno, sufuria moja, maji yaleyale, pipi zilezile. Akakutwa na magego mawili yametoboka ila hayajafika kwenye kiini, yakazibwa. Bibi yao mpaka leo analalamika tumelipa hela kuziba meno yatakayong'oka. Doto ganzi ya mdomo ilitoka kidogokidogo, alianza kusema anahisi kama siafu wanatembea, alafu ikaisha. Lile jino la ukubwani lililokua linajengwa chini bado lipo kwenye eksrei, limeegemea pembeni kidogo, daktari anasema linaweza kutoka na linaweza lisitoke, na taya lazima lifuatiliwe mpaka amalize kukua kwa sababu upande ulioungua unaweza kubaki nyuma. Mwezi wa saba wanavuka tena kwa meli kuja kupima.